Je, Mcheza Ngoma Aweza Kuifurahia Ngoma Yake Akiitazama?

Hotuba iliyosemwa Bujora mbele ya walimu, wanakwaya na vikundi vya ngoma



Nimeagizwa na kamati ya jubilei niseme juu ya jambo moja lililozuka katika mkutano wao. Walikuwa wakipanga siku ya ngoma, wakakubaliana kwamba vikundi vyote vitapigwa picha za sinema mchana, na usiku ule ule picha hizo zitaonyeshwa juu ya kitambaa cheupe kando ya kanisa, ili wachezaji wapate kujiona. Ndipo mwalimu mmoja kijana akauliza, "Je, watafurahi?" Wengi wakacheka, maana swali lile lilionekana kama la mtu aulizaye iwapo ng'ombe watafurahi kuona majani. Lakini mzee mmoja mpiga ngoma, aliyekaa karibu na mlango, hakucheka. Alinyanyuka polepole, akatoka nje. Habari zake nitazirudia.

Kwanza yatupasa kukumbuka jinsi mashindano yetu yanavyokwenda, kwa ajili ya wale watakaosoma kitabu hiki nao hawajafika Usukumani. Vyama vya ngoma vilivyo vikubwa ni viwili, Bagika na Bagalu. Wazee husema vilianzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani mwenye dawa ya kuvuta watu zaidi. Habari ya dawa tuiache hapo ilipo. Mtindo wa mashindano ndio tunaoutaka. Vikundi viwili hucheza katika uwanja mmoja, saa ile ile, kila kimoja upande wake, na watu huachwa huru katikati. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mtazamaji hapigi kura kwa mkono, hupiga kwa miguu. Akichoka huku huvuka kule. Akisikia kelele nyuma yake hurudi mbio. Na mama mwenye mtoto mgongoni aweza kuvuka mara kumi katika alasiri moja. Ndivyo ilivyo katika Bulabo, sikukuu yetu ya maua, ambayo huenda pamoja na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyeianzisha parokia hii ya Bujora mwaka 1952, hakuona haya kuikaribisha ngoma mpaka mlangoni mwa kanisa.

Basi fikirini. Katika uwanja ule wenye watu wengi namna ile, ni nani asiyeiona ngoma? Ni mchezaji peke yake. Mchezaji wa Bagika haoni Bagika, maana yumo ndani yake. Wala haoni Bagalu, maana watu wamesimama katikati. Aonacho ni kisogo cha mwenziwe, na vumbi, na nyuso za watazamaji. Nyuso zikizidi, ajua. Zikipungua, ajua upesi zaidi. Hana kioo kingine. Nimemwona manju akiimba kwa sauti ya furaha kubwa huku macho yake yakiwapitia watu wa pembeni mmoja mmoja, kama mchungaji ahesabuvyo ng'ombe jioni.

Mimi mwenyewe nalipata kuitazama ngoma yangu mara moja. Nalikuwa mpiga ngoma wa pili katika kikundi chetu cha bugobogobo, ngoma ile ya majembe, nami nalikuwa nimeipiga kwa miaka kumi na mmoja. Siku chache kabla ya sikukuu nikaanguka kwa baiskeli katika njia ya Kisesa, goti likavimba, nikakatazwa kusimama. Nikapewa kiti kati ya watazamaji, karibu na wauza miwa.

Mwanzo wake nalifurahi kweli kweli. Sikupata kujua kwamba majembe yakirushwa juu humeta yote mara moja, kama dagaa watikisikao katika wavu wakati wa kuvutwa. Mpiga ngoma hayaoni haya. Macho yake yako kwenye mikono ya mwenziwe na miguu ya mchezaji wa mbele. Miaka kumi na mmoja nalikuwa nikiyapigia majembe yale, nami sijayaona.

Halafu furaha ikaingia doa. Kijana aliyewekwa mahali pangu alikuwa hodari wa kutosha, walakini masikio yangu yalimwandama yeye tu. Kila alipochelewa kidogo, mkono wangu ulipiga paja bila kuamriwa. Kando yangu alikaa mtu mmoja wa Magu, akitafuna muwa wake. Yeye hakusikia kosa lo lote. Majembe yaliporushwa, moyo wake uliruka pamoja nayo. Wangu haukuruka, maana nalijua tangu mwanzo yatarushwa mara ngapi na nani huwa karibu kuliangusha la kwake. Mwisho akanigeukia akasema, "Kikundi hiki mwaka huu ni kizuri kuliko mwaka jana." Mwaka jana nalikuwamo. Sikumjibu neno.

Usiku ule, nikilikanda goti kwa maji ya moto, niliwaza sana. Ile niliyoitazama haikuwa ngoma yangu. Ngoma yangu ni ile ambayo mimi nimo ndani yake, na hiyo siwezi kuitazama hata nikipewa kiti cha enzi. Hii ilikuwa imetoka kwangu kama binti aliyeolewa: wampenda, wajivunia, lakini ukiingia nyumbani mwake wabisha hodi. Na tena, kile kilichompendeza mtu wa Magu, yaani kutojua kitakachofuata, sitakipata kamwe kwa ngoma niliyoijua mpaka mifupani. Mpishi hula chakula chake, akashiba, wala hashangai kuna nini chunguni.

Walakini asije mtu akadhani kwamba mcheza ngoma ni mtu wa kuhurumiwa. Bugobogobo haikuzaliwa uwanjani, ilizaliwa shambani. Wakulima wa Usukuma walilima kwa makundi, mpiga ngoma akiwaongoza, majembe yakishuka kwa pigo moja. Hapakuwa na mtazamaji. Mwenye shamba, kama alitazama, alitazama matuta. Raha ya ngoma ilikuwa mikononi na mgongoni: jua laenda, kazi yapungua, na mtu hajui alichokaje. Laiti mkulima mmoja angesema kwamba apenda kukaa kivulini awatazame wenziwe wakilima ili aione ngoma yake vizuri, wangalimwita mvivu, na nadhani wangalikuwa na haki. Furaha ya mwenye kucheza ilitangulia. Ya mwenye kutazama imekuja baadaye, tulipoutoa muziki shambani tukauweka katikati ya duara la watu.

Jambo hili si la Wasukuma peke yao. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake mpaka Bombay, wakaimba mbele ya mashine ya kuingiza sauti katika santuri. Kabla ya siku zile mwimbaji wa kwetu aliisikia sauti yake kutoka ndani tu, kooni na kifuani. Tangu hapo sauti ya Siti ilitembea mijini pasipo yeye, naye aliweza kuisikia kama mgeni aisikiavyo. Lakini santuri ilichukua sauti tu, uso na mikono iliviacha. Huenda ilikuwa rehema.

Na huko Ulaya, katika mji wa Vienna, yasimuliwa habari ya Beethoven, mtungaji mkubwa wa Wajerumani. Mwaka 1824 simfonia yake ya tisa ilipigwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu, naye mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa kiziwi. Alisimama kati ya wapigaji, mgongo wake kwa watu. Muziki ukaisha, watu wakashangilia kwa nguvu, naye hajui. Ndipo mwimbaji mmoja mwanamke, Caroline Unger, akamshika akamgeuza, apate kuona mikono ikipigwa na vitambaa vikipepea. Nimeifikiri habari hii mara nyingi. Hawakumwonyesha wapigaji, wala karatasi za muziki wake. Walimwonyesha watu.

Sasa narudi kwa mzee wetu. Miaka miwili iliyopita, siku ya Bulabo, mjukuu wake alimpiga picha kwa simu akiwa katikati ya ngoma. Usiku akamletea, nami nalikuwapo, nimekwenda kumwamkia. Mzee akaishika simu mbali na uso, akainamisha kichwa huku na huku, akatazama kimya mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyu mzee aliyepinda mgongo ni nani?" Mtoto akacheka akasema, "Ni wewe, guku." Mzee akairudisha simu, akashukuru, tukaendelea na mazungumzo ya mvua na pamba. Juma lililofuata alivipeleka vijiti vyake vya kupigia kwa manju. Hakugombana na mtu, wala hakutoa sababu.

Mwaka uliofuata tulicheza bila yeye, na watu wakavuka. Sisemi kwamba walivuka kwa sababu yake peke yake, maana upande wa pili walikuwa wameleta chatu, na chatu si mshindani wa kudharauliwa. Lakini mimi niliyapima mapigo yale kwa kifua changu, nami najua kilichopungua.

Ndugu zangu, mtazame jinsi mzee yule alivyodhulumiwa, ijapokuwa hakuna aliyekusudia. Anapopiga, ndani ya mwili wake yu kijana wa miaka ishirini na mitano. Hivyo ndivyo ngoma ifanyavyo, na wapigaji mliomo humu mwajua. Simu ikamwonyesha mgongo. Sawa, mgongo umepinda, si uwongo. Lakini kishindo cha ngoma kubwa hakiingii katika simu. Kinywa chake ni kidogo kama punje; hutoa sauti nyembamba ya manyanga na filimbi, na ule uzito wa chini, ule utikisao kifua cha mtu aliyesimama mbali, hauwezi kuutoa. Basi mzee aliuona uzee wake wote, na nguvu zake hakuzisikia hata chembe. Alijihukumu kwa ushahidi wa upande mmoja. Na zile nyuso zilizokuwa mbele yake alasiri ile, akina mama waliokuwa wakipiga vigelegele hata kanga zikaanguka, hazikuwamo kabisa, maana mjukuu alikuwa amesimama kati yao akiwapa mgongo.

Kwa hiyo, Mwalimu, swali lako halikuwa la kuchekwa. Nimeulizwa nishauri, nami nashauri hivi. Picha zipigwe, maana wajukuu wetu watazitaka, nasi wenyewe tukizitazama baada ya miaka mitano tutafurahi kuliko leo, kwa kuwa tutakuwa tumekwisha kuwa wageni kwa nafsi zetu. Lakini zisionyeshwe usiku ule ule, mwili ungali moto na mtu angali akijisikia kijana. Zingoje hata juma moja. Siku hiyo vikodiwe vipaza sauti vikubwa, vile vya arusi za mjini, vitikisavyo mabati. Gharama yake kwaya italipa nusu. Nimekwisha kusema nao, ingawa mhazini wao alinikunjia uso. Na ye yote asiyetaka kujiona asivutwe mkono wala asichekwe.

Lakini neno langu kubwa ni hili. Zikipatikana kamera mbili, moja ipewe kazi ya kuwapiga watazamaji tu, ikisimama upande wa wachezaji na kuelekea kwa watu. Ikipatikana moja, basi igeuzwe mara kwa mara. Wachezaji wakijiona wenyewe watatafuta makosa, kila mtu lake. Nawajua, maana mimi ni mmoja wao. Wanakwaya ni wabaya zaidi: mwaka jana tulipoletewa picha ya Misa ya Pasaka, sauti ya tatu walibishana mpaka usiku nani aliyeingia mapema, na mpaka leo wawili hawajasalimiana vizuri. Lakini uso wa mtu aliyekuwa akitutazama, kinywa wazi, muwa umesahauliwa mkononi, huo hatujapata kuuona vizuri hata mara moja, kwa sababu ya jasho na vumbi na kuhesabu mapigo.

Mkutano ulipokwisha nalimfuata mzee nje. Nilimkuta amekaa kivulini, karibu na nyumba ya ngoma za watemi, akichora chini kwa fimbo. Nikachuchumaa, nikamweleza habari hii ya kuwapiga picha watazamaji. Nikamwuliza, "Guku, siku hiyo utakuja kutazama?"

Akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Yuko mama mmoja wa Kisesa, hufunga kitambaa chekundu, husimama mbele kila mwaka. Huyo ataonekana?"

Nikamwambia ataonekana.

Akachora tena chini, akafuta kwa mguu. "Na vijiti vyangu," akasema, "manju hajampa mtu?"

Nikamwambia, hajampa mtu.