Kitabu Kimoja cha Hesabu: Fedha, Udongo na Maji ya Uluguru



Nimeombwa nieleze kwa nini baadhi ya kampuni sasa hutoa taarifa moja inayounganisha hesabu za fedha na habari za mazingira na jamii, badala ya vitabu viwili visivyosalimiana. Wahasibu huiita taarifa jumuishi. Nitaanza na Uluguru, kwa kuwa sisi wa Morogoro tunaiona kila tunapoinua macho.

Mto Ruvu hupata maji yake katika milima hiyo, na ndio tegemeo kuu la Dar es Salaam. Mteremko ukilimwa bila matuta, mvua za masika huchukua udongo. Mkulima hupoteza rutuba. Walio chini hupokea tope. Mtambo wa kusafisha maji hulazimika kutumia dawa nyingi zaidi, na gharama hiyo huonekana katika hesabu za fedha. Chanzo chake hakionekani humo. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango huko Kibungo Juu, ambapo DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam, na Coca-Cola Kwanza zilishirikishwa kama wanunuzi. Wakulima walilipwa ili wachimbe matuta, wapande miti na kuutunza udongo. Kampuni inayotazama fedha peke yake haiwezi kuona maana ya malipo kama hayo.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito: kampuni huunganisha hesabu ili ijue inaishi kwa nini. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2013 ulitaja mitaji sita, fedha ikiwa mmojawapo tu. Maliasili, watu na uhusiano na jamii vimo pia.

Ya pili ni wenye fedha. Benki inayokopesha kwa miaka kumi na mitano ina haki ya kuuliza kama mto utakuwapo.

Ya tatu ni kanuni. Hapa nchini, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ilitoa kiwango kilichoanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vya kuanzia Januari 1, 2021, kinachowataka viongozi wa taasisi waeleze mikakati, rasilimali na hatari, si faida na hasara pekee. Juni 2023 vikafuata viwango vya kimataifa vya taarifa za uendelevu.

Ipo na ya nne, isiyotajwa hadharani: kujipamba. Picha ya mkurugenzi akipanda mche haina gharama kubwa. Kipimo chake ni rahisi. Tazama kama ukurasa wa mazingira unagusa ukurasa wa fedha: kiasi gani kilitumika, wapi, na nini kilibadilika kulinganisha na mwaka uliopita. Taarifa isiyokiri upungufu hata mmoja isomwe kwa tahadhari.

Mtumiaji asidhani mambo haya ni ya wenye hisa tu. EWURA hutoa kila mwaka taarifa ya utendaji wa mamlaka za maji, na bei zinapoombwa kupandishwa huitisha mikutano ya kukusanya maoni. Nendeni. Ulizeni gharama ya tope imeandikwa ukurasa gani, na ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya kulinda miteremko linakotoka.