Tansio ya Aliyesimama

Ukienda kupimwa tansio, yaani shinikizo la damu, Kasongo au Kabambare, utaketi, utafungwa kitambaa mkononi, utatajiwa namba mbili na kuruhusiwa kwenda. Namba hizo ni za mtu aliyeketi. Lakini mzee anayeanguka alfajiri mara nyingi anaanguka akiwa ndiyo kwanza ameinuka kitandani.

Tukisimama, damu nusu lita au zaidi hushukia miguuni na tumboni. Mishipa ya shingoni inahisi upungufu huo, inaupasha ubongo habari, na papo hapo neva zinakaza mishipa na kuharakisha moyo. Hatuziamuru neva hizo. Zinafanya kazi hata tukilala usingizi.

Ulaya wana kitanda cha kumwinua mgonjwa akiwa amefungwa mikanda, wampime hivyo. Sisi hatuna, na sioni haja ya kukingoja. Mgonjwa alale dakika 5, apimwe tansio na mapigo ya moyo. Asimame, apimwe tena baada ya dakika 1, kisha baada ya dakika 3, na mtu awe karibu wa kumdaka. Namba ya juu ikishuka kwa milimita 20 au zaidi, yaani kama tunavyosema hapa kwa sentimita, kutoka 13 hadi 11, au ya chini ikishuka kwa milimita 10 au zaidi, kuna kasoro.

Kasoro ipi? Saa yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabia mapigo, itasaidia. Tansio ikishuka na moyo ukaenda mbio, mara nyingi mwili umekosa maji au damu: mtu ameharisha, au malaria imemmaliza damu. Tansio ikishuka na mapigo yakabaki karibu palepale, zishuku neva zenyewe, hasa kwa mwenye kisukari cha miaka mingi. Uliza pia dawa anazotumia. Kwinini inaweza kushusha tansio, na pentamidini ya malale vilevile. Ndiyo maana anayechomwa sindano hiyo hulazwa kwanza.

Kazi hii haihitaji kumngoja daktari. Miaka ya 1970, hapa hapa Kasongo, mradi wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp ulionyesha kwamba muuguzi wa kituo kidogo, akiwa na maelekezo yaliyoandikwa, anaweza kazi nyingi zilizodhaniwa ni za daktari tu. Maelekezo ya kipimo hiki cha kulala na kusimama yanaenea kwenye nusu ukurasa.

Basi munganga, mzee akija na tansio ya juu, kabla hujamwongezea vidonge, msimamishe umpime.