Tusimnyang'anye Mgonjwa Fimbo Yake

Masomo: Marko 2:1-12, Yohana 9:1-3, 2 Timotheo 4:20

Leo tunasema juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hatujui hata jina lake. Lakini kwanza sisi watumishi tunapaswa kuungama.

Katika kanisa letu kuna dada mmoja, mwimbaji. Miguu yake ilianza kufa ganzi, jicho moja likaingia ukungu, akawa anayumba kama mlevi. Tulifunga, tukaomba. Baada ya majuma machache akatembea vizuri, akaona vizuri. Tukamsimamisha mbele, akatoa ushuhuda, vigelegele vikapigwa. Fimbo yake tuliishika sisi wenyewe, tukaiinua juu, na hatukumrudishia.

Mwaka uliofuata, ugonjwa ulirudi. Hapo ndipo tulipokosa. Wengine walisema ameficha dhambi. Wengine walisema imani yake imepungua. Wengine wakatafuta mchawi katika jamaa yake, wakamnyooshea kidole shangazi yake. Sisi wachungaji tulinyamaza. Dada akaacha kuja kusali. Miguu ilimzuia, lakini aibu ilimzuia zaidi.

Siku moja akaletewa karatasi ya hospitali. Iliandikwa SEP, yaani sclérose en plaques. Ni ugonjwa gani huu?

Neva zetu ni kama nyaya za umeme, na kila waya una ganda la kuulinda. Mungu ameweka pia ndani ya mwili askari wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao wanakosea adui: wanashambulia ganda la neva za ubongo, za macho na za uti wa mgongo. Pale walipokula panabaki kovu, kama baka. Ndiyo sababu ya jina lake. Ubongo unatuma neno kwa mguu, lakini neno linachelewa au linapotea njiani.

Mganga Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu huko Paris mwaka 1868. Unashika wanawake kuliko wanaume, na mara nyingi unaanza kati ya miaka 20 na 40. Hauambukizi. Mwaka 2020 wagonjwa waliohesabiwa duniani walikaribia milioni 2.8. Kwetu Afrika hauonekani sana, na mashine za IRM za kupiga picha ya ubongo ni chache. Kwa hiyo mtu anaweza kuishi nao miaka mingi bila kujua unaitwaje.

Sasa sikieni jambo hili. Kwa wagonjwa wengi, ugonjwa huu unaanza kwa kwenda na kurudi. Shambulio linadumu siku au majuma, kisha mwili unapata nafuu, wakati mwingine nafuu kubwa. Baadaye linaweza kuja lingine. Dada yetu hakudanganya alipotoa ushuhuda, na hakutenda dhambi alipoanguka tena. Mungu alimpa pumziko, nasi tukaligeuza pumziko kuwa deni la kulipa kila siku ya ibada.

Jambo la kwanza: wanafunzi walipomwona kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Basi tuache kazi ya upelelezi ambayo Bwana hakutupa.

Jambo la pili: Paulo, ambaye Mungu aliponya wengi kwa mikono yake, alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Hakuandika kwamba Trofimo hana imani. Aliandika tu kwamba anaumwa. Na sisi tujifunze kusema hivyo hivyo.

Jambo la tatu: yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, kabla ya kusimama, alibebwa na watu wanne. Muujiza ni kazi ya Yesu, lakini kubeba ni kazi yetu. Kubeba ni nini? Ni kujua kwamba uchovu wa mgonjwa huyu si uvivu. Ni kujua kwamba joto linamzidishia udhaifu, basi asiketi katikati ya msongamano chini ya mabati. Apewe kiti karibu na dirisha. Tusimlazimishe kusimama wakati wa sifa. Tusimwambie atupe dawa. Dawa haziondoi ugonjwa huu kabisa, lakini ziko zinazopunguza mashambulio, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka tatu kati ya orodha ya dawa za lazima. Bei yake ni kubwa. Hapo ndipo sadaka ya upendo inapopata kazi. Nawe mume, usimrudishe mke kwao kwa sababu miguu yake imechoka.

Na wewe uliyefifia jicho moja ghafula likiuma, au unayesikia ganzi isiyokwisha, usibaki katika chumba cha maombi tu. Nenda hospitali. Si kila ganzi ni SEP: inaweza kuwa kisukari au kifua kikuu cha mgongo. Na miguu ikikakamaa ghafula, inaweza kuwa konzo, inayoletwa na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha. Kila mmoja una njia yake.

Sisi tulikwenda nyumbani kwa dada yetu, tukaomba msamaha, kwake na kwa shangazi yake. Tulimpelekea fimbo yake. Sasa anaimba akiwa ameketi. Bado tunamwombea uponyaji, wala hatujachoka. Lakini tunamwombea huku tumembeba.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa maneno tuliyoyatupa juu ya wagonjwa wako. Waguse leo. Na pale unapochelewa kwa macho yetu, utupe mabega ya kubeba. Katika jina la Yesu. Amina.