Saratani ya Kibofu: Matibabu Yasiishie Chumba cha Upasuaji

Msikilizaji, saratani ya kibofu cha mkojo ina tabia ya kurudi. Kwa wagonjwa takriban 3 kati ya 4, hugunduliwa kabla haijazama kwenye msuli wa kibofu, na daktari huikwangua kwa kifaa kinachopitishwa katika njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Damu hukoma kwenye mkojo, naye mgonjwa hurudi Lodwar au Kapenguria akidhani amepona. Kumbe wengi huota uvimbe tena. Kwa hiyo nasema: hapa Eldoret, ambako Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hupokea wagonjwa kutoka mbali, ratiba yote ya dawa na uchunguzi ipangwe, na malipo yake yajulikane, kabla mgonjwa hajatoka wodini.

Tangu Alvaro Morales na wenzake wa Kanada watoe matokeo yao mwaka 1976, dawa kuu kwa walio katika hatari kubwa ya kurudiwa ni BCG. Hutiwa kibofuni kupitia mpira mara moja kwa wiki, kwa wiki 6, kisha kwa vipindi hadi miaka 3, ili kuamsha kinga ya mwili. Kamera ya kwanza ya kuchungulia kibofu hupitishwa baada ya miezi 3. Mtu atauliza: si hiyo ndiyo chanjo ya watoto wachanga, iliyojaa kliniki zetu? Asili yake ni moja, ila dozi ya kibofu ni kubwa mno, haipatikani kwa kukusanya vichupa vya chanjo. Tena imewahi kuadimika duniani. Ikikosekana au ikishindwa, zipo gemsitabini na dositakseli, ambazo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ripoti ya mwaka 2020 kuhusu wagonjwa 276 nchini Marekani, waliotiwa dawa hizo baada ya BCG kushindwa, ilionyesha kuwa karibu nusu hawakuwa wamerudiwa miaka 2 baadaye. Huo haukuwa utafiti wa kulinganisha tiba mbili, lakini unatosha kutupa njia.

Wapo wanaosema ni nafuu kuondoa kibofu mara moja. Saratani ikishaingia kwenye msuli, au ikikataa dawa, upasuaji huo huokoa maisha na usicheleweshwe. Ila ni mzito, na wengi hubaki na mfuko wa mkojo tumboni maisha yao yote. Haufai kuwa adhabu ya kukosa nauli au dawa. Kuhusu gharama, atakayeacha dozi katikati huenda akarudi na ugonjwa uliozama, na hapo matumizi huwa makubwa zaidi. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya taifa, NHIF, mwaka 2024, ione upasuaji, dawa na kamera kuwa tiba moja. Hospitali nayo impigie simu aliyekosa siku yake. Nawe uliyewahi kutibiwa, usingoje kuona damu: muulize daktari tarehe ya kamera ijayo, na kama unavuta sigara, acha leo.