Oili ya Injini kwa Jua la Bunda
Ndugu dereva wa Nyasura, unayepeleka abiria Musoma, soma namba za dumu la oili kabla hujalipa. Kwenye 10W-40, namba ya mwisho inaonyesha uzito wa oili injini ikishapata moto, kwenye nyuzi 100. Hiyo ndiyo ya kuangalia zaidi huku kwetu, maana baridi ya kugandisha hatuijui. Lakini tafadhali, joto lisikufanye umimine 20W-50 kwenye kila gari! Injini nyingi za Japani zenye VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) zina vijia vyembamba vya oili. Oili nzito huchelewa kufika juu unapowasha asubuhi, na vyuma vinasagana. Fungua kitabu cha gari. Kikiruhusu 5W-30 na 10W-40, nawe unabeba mzigo juani, chukua 10W-40.