TAGETI YA MWISHO WA MWEZI NA HESHIMA YA KAZI

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Ndugu wajumbe, nimeombwa nizungumzie kazi ambayo vijana wetu wengi wameingia: kuuza laini za simu, simu za mkopo na mitambo ya umeme wa jua.

Kazi hii ni halali na ina manufaa. Tangu M-Pesa ianze nchini Tanzania mwaka 2008, wazazi wengi vijijini wanapokea fedha za watoto wao bila kupanda basi. Anayeuza huduma hizi kwa uaminifu anahudumia jamii.

Tatizo ni tageti. Kijana hupangiwa idadi ya wateja kwa siku na kwa mwezi, na kipato chake hutegemea kamisheni. Akiifikia, mwezi unaofuata inapandishwa. Asipoifikia, jina lake husomwa mbele ya wenzake. Mwezi unapoisha, vishawishi huanza. Mteja huambiwa, "Alama ya kidole haijasoma, weka tena," kumbe laini ya pili inasajiliwa kwa jina lake. Mama asiye na kipato cha uhakika hushawishiwa achukue simu ya mkopo, ambayo hujifunga akichelewesha malipo. Muuzaji ameshapata kamisheni. Deni linabaki kwa mama, naye pengine ni jirani yake wa jumuiya. Njia ya mwongo ni fupi: siku hiyo kijana hupoteza mteja na ndugu kwa pamoja.

Mafundisho ya Kanisa, hasa waraka Laborem Exercens wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1981, yanatukumbusha kwamba thamani ya kazi inatokana na mtu anayeifanya. Hivyo kijana asipimwe kwa mauzo tu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri amwelekeze mfanyakazi na kumpa muda wa kujirekebisha kabla ya kumwachisha kwa utendaji hafifu. Aliyeachishwa isivyo haki ana siku 30 za kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huambiwa kwamba wao ni mawakala tu, si waajiriwa. Wasikate tamaa mapema: sheria huangalia pia jinsi kazi inavyosimamiwa, si jina lililoandikwa kwenye mkataba peke yake.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, Kamati za Haki na Amani ziwasaidie vijana kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Pili, katika jumuiya tufundishane kupiga *106# ili kila mtu aone laini zilizosajiliwa kwa jina lake, na kuuliza bei kamili ya mkopo kabla ya kuweka kidole. Tatu, wafadhili wetu, mnapopokea taarifa za mafunzo ya ujasiriamali, msiulize tu ni vijana wangapi wamepata kazi. Ulizeni wangapi bado wako kazini baada ya mwaka, na kama wanapata siku ya kupumzika na kusali na familia zao.

Tukiwapangia wafadhili wetu takwimu za kupendeza bila kuuliza hayo, nasi tutakuwa tunafukuzia tageti.