Kumlinda Binti na Kumfanyia Uadilifu Kijana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad:



Jambo tulilokusudia kulizungumza leo ni zito, na wengi huliepuka kwa kuona haya. Nalo ni sheria ya nchi yetu ya Kenya juu ya unajisi wa watoto, na vifungo wanavyopewa vijana ambao ndio kwanza wamevuka umri wa miaka 18. Haya ni katika imani. Lakini haya inayomfunga mtu ulimi pale mwenzake anapodhulumiwa siyo haya tuliyofundishwa na Mtume wetu (S.A.W.).

Tuanze na sheria yenyewe. Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono mwaka 2006. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na ridhaa yake katika tendo hilo haihesabiwi. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20. Akiwa na miaka 16 hadi 18, hakipungui miaka 15. Hakimu anaweza kupandisha juu ya viwango hivyo, lakini hana ruhusa ya kushuka chini yake.

Sheria hii haikutungwa kwa mchezo. Ilitungwa kwa sababu watoto walikuwa wakiharibiwa na watu wazima, na kesi zao zikimalizwa barazani kwa mbuzi na fedha kidogo, au kwa kumwoza mtoto kwa yule yule aliyemharibu. Sisi tunaiunga mkono shabaha hiyo kwa moyo mmoja. Mtu mzima anayemwinda mtoto hastahiki kuonewa huruma, awe ni mfanyabiashara, awe ni mwalimu wa shule, au awe ni maalim wa chuo aliyekabidhiwa mtoto ili amfundishe Kitabu cha Allah. Huyu wa mwisho amekusanya dhambi mbili: ya uchafu wake na ya khiyana ya amana.

Sasa tuitazame mizani ya sheria hii kwa makini. Vifungo tulivyovitaja vimepangwa kwa kuangalia umri wa aliyetendewa. Umri wa mtendaji hauangaliwi, ila akiwa naye ni chini ya miaka 18. Hapo hushughulikiwa kwa sheria za watoto. Mzee wa miaka 60 aliyemrubuni binti wa miaka 17 kwa pesa, na kijana wa miaka 19 aliyeteleza na binti wa miaka 17 wa mtaani kwao, wote wawili huanzia miaka 15. Kijana huyo akikitumikia kifungo chote, atatoka gerezani ana miaka 34. Mwenzake aliyefanya jambo lile lile akiwa na miaka 17 na miezi 11 hakanyagi gereza la watu wazima. Tofauti ndogo ya umri ndiyo iliyowatenganisha.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana pengo la namna hiyo. Kanuni ya Adhabu ilivyorekebishwa mwaka 1998 iliweka kuwa mvulana wa miaka 18 au chini yake, akiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza, apigwe viboko tu. Aliyepita umri huo alipangiwa kifungo kisichopungua miaka 30. Kutoka viboko hadi miaka 30, na katikati hakuna ngazi.

Mahakama zetu zimeliona jambo hili. Mwaka 2019, Mahakama ya Rufaa mjini Nairobi ilimwachilia huru kijana aliyefungwa miaka 15 kwa ajili ya binti wa miaka 17. Majaji walieleza kuwa magereza yamejaa vijana wa namna hiyo, na wakaita taifa liujadili upya umri wa ridhaa, wakipendekeza miaka 16. Mwaka 2022, Mahakama Kuu ya Machakos ilisema kuwa viwango vya chini visivyompa hakimu nafasi ya kupima vinapingana na Katiba. Lakini Julai 2024 Mahakama ya Juu iliifunga njia hiyo. Ilirudisha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekipunguza, na ikabainisha kuwa uamuzi wa mwaka 2017 juu ya hukumu ya kifo kwa wauaji hauyahusu makosa ya kingono. Kwa hiyo mlango uliobaki wazi ni wa Bunge.

Je, Muislamu aseme nini hapa? Kwanza tuseme wazi, asije mtu akatuelewa vibaya: zinaa ni haramu. Ni haramu kwa mwenye miaka 17, kwa mwenye miaka 19 na kwa mwenye miaka 60. Katika Suratul Israa, aya ya 32, tumekatazwa hata kuikaribia. Kijana aliyebaleghe ni mukallaf, na atasimama mbele ya Mola wake kwa alilolitenda. Kwa sababu hiyo hatuwaungi mkono wanaotaka umri wa ridhaa ushushwe hadi miaka 16. Umri huo ukishushwa, yule mzee wa miaka 60 naye atapita katika mlango tuliomfungulia kijana.

Tunalolitaka ni jingine. Wanazuoni wa fiqhi wamezigawa adhabu. Zipo hudud zilizowekwa na Sharia yenyewe, na hizo huepushwa palipo na shaka. Na ipo taazir, ambayo kadhi huipima kwa kuangalia kosa, mkosaji na hali ilivyokuwa. Vifungo vya miaka 15 na 20 havimo katika hudud. Ni makadirio ya wanadamu, na makadirio ya wanadamu yanaweza kurekebishwa. Suratul Maida, aya ya 8, inatuonya kuwa chuki juu ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Basi tukichukia dhambi ya kijana, tusiache kumfanyia uadilifu.

Tukumbuke pia habari iliyopokewa katika Musnad ya Imam Ahmad, ya kijana aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akaomba ruhusa ya kuzini. Watu walimkemea, lakini Mtume (S.A.W.) alimsogeza karibu, akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, binti yake, dada yake na shangazi yake. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Hakumhalalishia haramu, wala hakumtupa.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunapendekeza mambo manne.

La kwanza, Bunge libakishe umri wa miaka 18, lakini limpe hakimu nafasi ya kushuka chini ya kiwango pale ambapo wawili hao wamekaribiana umri, hapakuwa na nguvu wala hila, na mshtakiwa hakuwa na mamlaka juu ya binti. Kifungu cha 119 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Misikiti yetu inaweza kuitumia.

La pili, maimamu na walimu wawafundishe vijana sheria hii pamoja na hukumu ya dini. Yako makosa ambayo kijana huyajua kuwa ni dhambi, na asijue kuwa yatamgharimu miaka 15.

La tatu, wapo wazazi wanaokimbilia kituo cha polisi kwa sababu tu kijana ni wa ukoo wasioutaka, au ni fukara. Huko ni kuigeuza sheria kuwa silaha ya kisasi. Wamche Allah (S.W.).

La nne, wapo pia wanaoficha unajisi wa kweli kwa kuogopa aibu, wakauita sulhu. Sulhu iliyojengwa juu ya machozi ya mtoto ni dhulma. Mtoto akiharibiwa, apelekwe hospitali na polisi siku hiyo hiyo, hata kama aliyemharibu huswali safu ya mbele.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi mabinti zetu, awaongoze vijana wetu, na awape waamuzi wetu hekima ya kuweka kila kitu mahali pake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.